Waliotangulia na Wanaofuata



Mahali petu paitwa Michenzani, na jina lajieleza lenyewe: ni mahali pa michenza. Leo ukiutafuta mchenza hapa utatembea sana, kwani pamesimama yale majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, kazi iliyoanzishwa zama za Mzee Abeid Amani Karume kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Lakini jina limebaki, nalo latukumbusha jambo moja. Mchenza haumpi chenza mpandaji siku ile ile aliyoupanda. Huyu hupanda, na yule huja akala. Na aliyekula, ikiwa ni muungwana, hupanda mwingine. Jambo hilo ndilo tutakalolizungumza leo, ila miti yetu ni watu: wale waliokwisha kusoma katika vyuo vikuu, na wale wanaosoma sasa. Je, waliotangulia wana wajibu gani kwa wanaofuata? Na wajibu huo hutimizwaje hata uwe na faida, usiwe maneno matupu?

Tuanze na kisa. Twamjua kijana mmoja wa majumba haya, jina lake hatulitaji. Alifaulu mtihani wa kidato cha sita, akapata nafasi katika chuo kikuu, na nyumbani kwao vikapigwa vigelegele. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, na mama yake alikuwa akiuza maandazi asubuhi. Kijana akaomba mkopo wa masomo. Basi katika karatasi alizozipeleka, hati ya kifo cha baba yake haikuwa imethibitishwa kama ilivyotakiwa. Kosa hilo lilikuwa dogo, na dawa yake ilikuwa ni safari moja ya kwenda ofisi ya usajili. Kijana hakujua. Alipokuja kujua, muda wa maombi ulikuwa umekwisha, akakaa mwaka mzima akibeba mizigo sokoni.

Lililotuchoma zaidi ni hili. Katika jumba lile lile, ngazi ile ile, walikuwamo watu wawili waliohitimu chuo kikuu kwa mkopo kama ule, na mmoja wao ni mwalimu mwenzetu. Wote wawili waliijua habari ya hati, maana wenyewe waliipitia. Kila siku walipishana na kijana ngazini, akawaamkia "Shikamoo," wakamwitikia "Marahaba," kisha kila mtu akaenda zake. Hakuna aliyemnyima neno. Yeye hakuuliza, wala wao hawakumwuliza. Sisi walimu tulipoisikia habari hii tuliona haya. Kijana hakupungukiwa na akili, wala hakukosa haki ya mkopo. Alikosa mtu wa kumwambia.

Watu wengi wakisikia neno "msaada" hufikiri fedha, na asiyekuwa na fedha hujiona amesamehewa. Sisi twadhani kuwa fedha ni jambo la tatu. La kwanza ni habari; la pili ni kuonesha njia; la tatu ndiyo fedha, nayo yataka daftari. Tutayaeleza yote matatu kwa mifano ya kweli, mingine ya hapa Unguja na mingine ya mbali.

Mfano wa habari tunao hapa hapa. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Dokta Steere, wa Misheni ya Vyuo Vikuu, walihamia Unguja, na Sultani akawapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Kutokana na mwanzo huo mdogo kikatokea Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kusini ya mji. Wengi wa watoto waliosoma Kiungani katika miaka ile walikuwa wameokolewa utumwani. Hawakuwa na baba wala mjomba wa kuwaulizia. Wengine hawakukumbuka hata njia ya kurudi kwao. Udugu wao ulikuwa ni chuo. Yohana Swedi, mmoja wa wale watano wa kwanza, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, aliyesoma Kiungani, alifanywa kasisi mwaka 1890, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata daraja hiyo katika misheni ile.

Waliomaliza masomo walipelekwa bara kufundisha: Magila, Masasi, Newala, hata nchi za Ziwa Nyasa. Wakatawanyika mbali mbali, na kwa miguu safari hizo zilichukua siku nyingi. Je, walipoteana? Hawakupoteana, na sababu moja ni karatasi. Mwaka 1888 likaanza kuchapishwa Kiungani gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, nalo ni katika magazeti ya mwanzo kabisa ya lugha yetu. Ndani yake zilikuwamo habari za chuo, na habari za vituo vya bara walikokuwa wakifundisha wanafunzi wa zamani. Mwalimu aliyekaa peke yake kijijini aliweza kusoma jina la mwenzake aliyeketi naye dawati moja, akajua yu hai na yu kazini. Na kijana aliyekuwa bado darasani aliweza kujua mapema kazi inayomngoja ni ya namna gani, na mahali gani.

Zingatieni jambo hili, wasikilizaji. Gazeti lile halikumlipia mtu ada, wala halikumnunulia mtu kanzu. Lilipeleka habari, na habari ikashika watu pamoja. Leo sisi tunazo simu mkononi, na twaweza kumpata mwenzetu wa Muscat au London kabla chai haijapoa. Makundi ya simu ya waliosoma pamoja ni mengi. Lakini tukiyafungua twaona nini? Twaona salamu za Ijumaa, pongezi za harusi na tanzia za misiba. Hayo ni mazuri, nasi hatuyakatai. Ila ni mara chache tutakapoona humo neno la kumwambia kijana wa kidato cha sita: "Muda wa maombi waanza mwezi huu, tayarisha hati hizi na hizi, usingoje siku ya mwisho." Watu wa Kiungani walikuwa na mtambo mmoja wa kuchapia, wakafanya mengi. Sisi tunao mtambo kila mfukoni.

Sasa tuje kwenye jambo la pili, kuonesha njia. Hapa yatubidi kusafiri kidogo hata Afrika ya Magharibi na Marekani, lakini safari hii itaturudisha Unguja.

Alikuwako mtu wa nchi iliyoitwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, jina lake James Aggrey, aliyezaliwa mwaka 1875. Mwaka 1898 alikwenda Marekani, akasoma katika Chuo cha Livingstone, chuo cha watu weusi kilichoko North Carolina, akahitimu mwaka 1902 na akabaki kufundisha pale pale kwa miaka mingi. Mwaka 1924 alipita Afrika ya Mashariki pamoja na tume ya Phelps-Stokes iliyokuja kuchunguza habari za elimu. Baada ya hapo alirudi kwao kuwa mmoja wa wakuu wa chuo cha Achimota. Akafa mwaka 1927, lakini vijana waliomsikia walikuwa wamekwisha kupata shauku ya masomo. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa Nigeria, Nnamdi Azikiwe, na kijana wa Gold Coast aliyekuwa akisomea ualimu, Kwame Nkrumah.

Azikiwe akaenda Marekani, akahitimu mwaka 1930 katika Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, kilichoasisiwa mwaka 1854 kwa ajili ya watu weusi. Alipokuja Accra kuhariri gazeti, Nkrumah akakutana naye, na Azikiwe akamtia moyo aende kusoma Lincoln. Mwaka 1935 Nkrumah akasafiri, na mwaka 1939 akahitimu chuo kile kile. Twajua sote yaliyofuata: Ghana ikapata uhuru wake mwaka 1957 na Nkrumah akiwa kiongozi wake, naye Azikiwe akawa Rais wa kwanza wa Nigeria mwaka 1963.

Tazameni mnyororo huo. Aggrey aliwaamsha vijana. Azikiwe akatangulia, akarudi, akamwonesha mwenzake mlango alioingilia yeye. Azikiwe hakuwa tajiri wa kumlipia mtu masomo. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa njia: chuo gani, kiko wapi, huingiwaje. Na mwisho wa mnyororo huo upo hapa petu. Chuo cha ualimu cha Beit-el-Ras kilipewa jina la Nkrumah, na leo mahali hapo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, nayo yaitwa Nkrumah hata sasa. Kila mwanafunzi apitaye lango lile apita chini ya jina la mtu aliyeoneshwa njia na mwenziwe. Basi na ajiulize: mimi nitamwonesha nani?

Jambo la tatu ni fedha. Hapa pia wenzetu weusi wa Marekani wana la kutufunza. Baada ya utumwa kukomeshwa kwao, vilifunguliwa vyuo kwa ajili ya watu waliokuwa watumwa, na kimojawapo ni Chuo cha Fisk, mji wa Nashville, kilichoanza mwaka 1866. Baada ya miaka michache chuo kikakaribia kufungwa kwa ukosefu wa fedha. Mwaka 1871 wanafunzi tisa, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani, wakatoka na mwalimu wao wa muziki kwenda kuimba nyimbo za wazee wao mji kwa mji. Safari ya kwanza ilikuwa ya shida na baridi. Lakini wakaendelea, hata mwaka 1873 wakaimba Uingereza mbele ya Malkia Victoria. Fedha zile zikakiokoa chuo, zikajenga na jumba kubwa, Jubilee Hall, lililofunguliwa mwaka 1876 na ambalo bado limesimama. Wale tisa hawakuimba kwa ajili ya nafsi zao tu. Walikuwa wakiwaimbia watu wasiozaliwa bado.

Hata hivyo kuimba hakutoshi miaka yote. Kila chuo cha watu weusi kiliendelea kuomba peke yake, na mwombaji wa leo akamkuta mwombaji wa jana mlangoni. Mwaka 1943 Frederick Patterson, mkuu wa Chuo cha Tuskegee, akawashauri wenzake waombe kwa sauti moja. Mwaka 1944 vyuo 27 vikaungana katika mfuko mmoja, na mfuko huo ungali unasaidia wanafunzi hata leo. Wazee wetu walilisema zamani: mkono mmoja haulei mwana.

Na baraka ya umoja huo iligusa hata pwani yetu. Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya alipowatafutia vijana wa Afrika ya Mashariki nafasi za masomo huko Marekani, vyuo vilitoa nafasi lakini nauli haikuwapo. Wamarekani weusi watatu mashuhuri, mchezaji Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, walitia sahihi barua ya kuwaomba watu wachange. Mwezi wa Septemba mwaka huo wanafunzi 81 wakapaa. Mwaka uliofuata alikuwamo msichana wa Nyeri, Wangari Maathai, aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Nafasi ilikuwapo, akili ilikuwapo. Kilichopungua kilikuwa nauli. Na hivyo ndivyo ilivyo kwa vijana wetu wengi: kinachomzuia mtu si mlima, ni jiwe.

Haya, na turudi nyumbani. Zamani mtu wa Unguja aliyetaka chuo kikuu ilimbidi avuke bahari, akaenda Makerere, au Dar es Salaam baada ya mwaka 1961, au nchi za mbali zaidi. Leo tunavyo vyuo vikuu kisiwani kwetu. Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, na chuo cha Chukwani, ambacho sasa chaitwa Abdulrahman Al-Sumait, vyote viwili vilianza mwaka 1998. Chuo Kikuu cha Taifa kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kikaanza kufundisha mwaka 2001. Kwa hiyo waliohitimu hawako mbali tena. Wako ngazini kwetu, sokoni, msikitini na kanisani.

Mikopo nayo ipo. Bodi ya Mikopo ya Tanzania ilianza kazi mwaka 2005, na Zanzibar ikaunda bodi yake kwa sheria ya mwaka 2011. Kila mtu ajue ya kuwa mkopo unaorudishwa ndio unaomsomesha mwingine. Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa aliyehitimu, kabla ya mchango wowote, ni kulipa deni lake. Anayekwepa deni la chuo kisha akatoa sadaka hadharani afanana na mtu aliyeufunga mfereji wa jirani, akamletea kikombe cha maji.

Lakini hata penye mkopo hubaki mapengo: nauli ya daladala, chakula cha siku zile fedha zinapokawia, kitabu, mashine ya kuandikia mwisho wa masomo, kodi ya chumba kwa aliyekosa nafasi katika dakhalia. Mapengo hayo ni madogo kwa mtu wa mshahara, na ni makubwa kwa mtoto wa muuza maandazi. Watu 20 wakitoa shilingi 5,000 kila mtu kila mwezi, wamepata shilingi 100,000. Na kwa mwaka ni shilingi 1,200,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi wenye nia waanze hivi. Kwanza, waandike daftari la majina: nani alisoma wapi, alisoma nini, yuko wapi sasa. Pili, wachague jambo moja tu, kama nauli au vitabu, wasitake kutenda yote kwa mara moja. Tatu, fedha isikae mikononi mwa mtu mmoja. Washike watu wawili au watatu, na hesabu isomwe mbele ya wote kila baada ya miezi mitatu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na vyama vingi vizuri vimekufa kwa kukosa hesabu hata pasipokuwa na mwizi. Nne, anayesaidiwa asitiriwe. Mtoto wa watu asipigwe picha akipokea nauli, wala asiitwe mkutanoni kushukuru. Kutoa ni moyo, si utajiri; na moyo hautangazwi. Tano, wanawake waliohitimu wawe mbele katika kazi hii, maana yako mambo ambayo msichana wa chuo hatamwambia mwanamume hata aache masomo, na dada yake atayajua kwa kumtazama tu.

Wapo watakaosema: "Sisi tuna watoto wetu, na wazee wetu, na wapwa, tutamsomesha na mtoto wa jirani?" Neno hilo ni la kweli, nasi wenyewe ni walimu, twaujua mshahara unavyokwisha kabla ya mwezi. Lakini tukumbuke ya kuwa lile alilolihitaji kijana wetu wa ngazini halikugharimu hata senti moja. Asiyeweza kutoa shilingi 5,000 aweza kutoa nusu saa. Na walio Omani au Ulaya wajue kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka: mchango wao ni mzuri, lakini wautie mikononi mwa walio karibu, wanaoweza kugonga mlango.

Na wanaosaidiwa nao wana wajibu. Kijana aulize, kuuliza si ujinga. Akipewa, alete habari ya masomo yake, hata yakiwa mabaya, kwani mtu huchoka kutoa mahali asipopata habari. Na siku atakayohitimu asirudishe kwa aliyempa, bali ampe anayefuata.

Mtauliza yule kijana wetu yu wapi. Mwaka uliofuata yule mwalimu mwenzetu alikwenda naye hata ofisi ya usajili, hati ikathibitishwa, maombi yakapelekwa mapema, akaingia chuoni. Mwaka mmoja ulikuwa umepotea, nao haurudi. Lakini sasa kila ufikapo msimu wa maombi, mtamwona jioni katika baraza ya chini ya jumba, na bahasha yake, na vijana wanne au watano wamemzunguka. Huwaonesha karatasi moja moja: hii yatoka wapi, hii hugongwa mhuri wapi, hii yawahi kukataliwa kwa sababu gani.

Basi wasikilizaji wetu, kama mmepata kusoma, tazameni ngazi mnayoipanda kila siku. Juma hili halijaisha, gongeni mlango mmoja wenye kijana, mwulizeni: "Mwanangu, karatasi zako zimekamilika?"

Kwaherini.